Chombo kitangulie: namna ya kupunguza plastiki ya kutumia mara moja nyumbani

"Nikufungie?" Kwenye genge la mtaani kwetu Kigamboni swali hilo huwa halisubiri jibu. Hujafungua mdomo, dada muuza mboga ameshachomoa nailoni, ameipuliza ifunguke, nyanya zimo ndani na fundo limepigwa. Sekunde tatu, hazizidi. Nailoni hiyo itafika nyumbani, itachanwa na kutupwa. Masika ikianza itakuwa mtaroni, na mtaro wa Dar es Salaam hauna pengine pa kwenda isipokuwa baharini. Huko kasa huidhani konyeza, yule mdudu wa bahari laini kama mlenda, akaimeza.

Nimekuwa nikijaribu kupunguza plastiki kwa miaka kadhaa na nimeshindwa mara nyingi. Kila niliposhindwa sababu ilikuwa ileile: chombo changu kilikuwa kabatini, mimi niko sokoni. Kwa hiyo mwongozo huu karibu wote unahusu zile sekunde tatu, na jinsi ya kuziwahi. Usianze kwa kununua chochote. Chupa za mianzi, mirija ya chuma na vifaa vingine vinavyouzwa kwa jina la kutunza mazingira vinaweza kusubiri. Mabakuli unayo.

Hatua ya kwanza: ndoo ya wiki moja

Tenga ndoo moja kuukuu. Kwa siku saba, kila plastiki ambayo ingetupwa iingie humo, ikisuuzwa kidogo isinuke. Siku ya nane tandaza mkeka uani uzipange kwa mafungu: nailoni nyembamba, chupa, vipaketi vya sabuni na viungo, vyombo vya chakula na vijiko, halafu mengineyo. (Pampasi usiziweke, tafadhali. Ziandike tu idadi kwenye karatasi.)

Mimi nilidhani fungu langu kubwa litakuwa la chupa za maji. Kumbe nailoni zilizidi chupa zaidi ya mara mbili, na nyingi zilikuwa na mafuta: za maharage, za mihogo ya kukaanga, za supu ya Jumamosi. Sikuwa najua. Kila nyumba ina ugonjwa wake. Kijana anayeishi peke yake atakuta maboksi ya chipsi, mwenye mtoto mchanga atakuta nepi, mwenye duka la vinywaji atakuta mirija. Anza na fungu lililo kubwa kuliko yote, mengine yaache kwanza. Ukitaka kuyamaliza yote kwa wiki moja, wiki ya tatu utakuwa umerudi pale pale.

Hatua ya pili: toa plastiki kwenye chakula cha moto

Hata kama fungu lako kubwa ni jingine, hatua hii usiiruke, maana inagusa mwili wako moja kwa moja.

Tumezoea uji wa asubuhi ndani ya nailoni, mchuzi ndani ya nailoni, hata chai ya rangi inayofuka moshi ndani ya nailoni imefungwa fundo kama puto. Plastiki si kitu kimoja kilichotulia. Ndani yake mna viongeza: vya kuilainisha, vya kuipa rangi, vya kuifanya isipasuke. Baadhi ya viongeza vinavyotumika kwenye plastiki, kama fthaleti na bisfenoli A, vinajulikana kwa kuingilia kazi ya homoni. Joto huvilegeza, mafuta huvivuta. Uji wa moto una joto, supu ya utumbo ina vyote viwili.

Halafu kuna vipande vyenyewe, vidogo hata jicho halivioni. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 wenye afya wakakuta chembe za plastiki kwa 17. Mwaka 2024 madaktari wa Italia walichunguza mafuta yaliyoganda ndani ya mishipa ya shingo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Zaidi ya nusu yao walikuwa na polithini humo, plastiki ya jamii ileile inayotengenezewa mifuko na nailoni. Wagonjwa hao walifuatiliwa kwa karibu miaka mitatu, na wale wenye plastiki walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo kwa zaidi ya mara nne ya wenzao. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba plastiki ndiyo iliyoleta madhara hayo, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Kwangu umetosha kunifanya nibebe bakuli.

Bakuli gani? La enameli au la chuma kisichopata kutu, lenye mfuniko unaobana. Zile bakuli za Kihindi zinazopandana tatu-tatu na kishikio juu ni nzuri kuliko zote: wali chini, maharage katikati, mchicha juu. Hotipoti nayo inafaa, ila ifungue uitazame ndani. Nyingi zina chuma ndani, lakini za bei ya chini ni plastiki mwanzo mwisho, na hapo utakuwa umebadilisha nailoni kwa ndoo. Makopo ya siagi na ya aiskrimu usiyatilie chakula cha moto wala kuyaingiza kwenye maikrowevu. Yatunze kwa kunde, vitunguu saumu, sindano na vifungo.

Bakuli likae wapi? Hapa ndipo watu wengi, mimi nikiwamo, tunaangukia. Lisikae kabatini. Bakuli moja na kijiko vilale kwenye begi la kazini tangu Jumapili jioni, na seti ya pili ibaki kwenye droo ya ofisi. Ukirudi nyumbani, lioshwe na lirudi kwenye begi usiku uleule, kabla ya kulala.

Ukifika kwa mama lishe, mpangilio wa maneno una maana. Usiseme "Mama, naomba maharage na chapati mbili" halafu ndiyo uanze kupekua begi, kwa sababu nailoni imeshafunguliwa. Bakuli litangulie: "Shikamoo mama. Humu, naomba maharage." Mkono wake utapokea bakuli, na mkono ulioshika bakuli hauchomoi nailoni. Sijawahi kukataliwa. Nailoni anazinunua kwa fedha yake, ukimwokolea moja hatakuchukia, na mara nyingi upawa wa mwisho unaongezeka kidogo.

Kwa muuza chipsi mwambie mapema kachumbari na sosi vimwagwe juu, visifungwe pembeni kwenye vinailoni viwili. Na usikimbilie gazeti kama mbadala wa kufungia maandazi na vitumbua. Wino wake nao si chakula. Karatasi safi isiyochapwa kitu, sawa.

Je, ukijikuta huna chombo? Kaa ule. Mama lishe ana sahani, ana benchi, ana maji ya kunawa. Dakika kumi na tano. Ni suluhisho ambalo halihitaji kununua wala kubeba kitu, na sijui kwa nini linasahaulika kuliko yote.

Hatua ya tatu: kikapu, na vifuko ndani ya kikapu

Mifuko mikubwa ya plastiki tumeshaagana nayo kisheria. Zanzibar ilianza 2006, Rwanda 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Rambo, kama tulivyouita mfuko huo, likaondoka kweli, na anayeikumbuka Dar ya kabla ya hapo anajua tofauti kwenye miti na nyaya za umeme. Lakini nailoni ndogo, ambazo zilikusudiwa kuwa vifungashio vya bidhaa kiwandani, zikashika nafasi yake sokoni. Ukinunua vitu sita gengeni unaondoka nazo sita.

Na kuhusu ule mfuko mbadala unaofanana na kitambaa: mwingi wake ni polipropeni, yaani plastiki iliyosokotwa ikavaa sura ya nguo. Si mbaya kama utautumia mpaka uchanike. Ubaya ni kuwa nao arobaini nyuma ya mlango, kama ilivyokuwa kwangu, kwa sababu kila safari ya sokoni unanunua mwingine.

Kikapu cha ukindu kinamaliza habari. Ndani yake tia vifuko vitano au sita vilivyoshonwa kwa kanga iliyochakaa au shuka kuukuu, vyenye kamba ya kukazia mdomo. Fundi cherehani wa mtaani atavimaliza kwa muda mfupi. Kimoja cha mchele, kimoja cha maharage, kimoja cha vitunguu, vingine vya chochote. Nyanya na ndizi ziende kikapuni moja kwa moja, hazihitaji nguo.

Nyama na samaki ndiyo penye kazi. Chukua kopo lenye mfuniko kwa ajili ya bucha peke yake, lisichanganywe na vyombo vingine, na lioshwe kwa sabuni na maji ya moto kila baada ya safari. Mwambie mwenye bucha alipime likiwa tupu kwanza, mzani urudi sifuri, ndipo atie nyama. Hili usilionee haya: usiposema, utalipia uzito wa kopo kwa bei ya steki. Ukienda Feri, soko la samaki la Dar, beba ndoo ndogo yenye mfuniko na barafu kidogo chini. Wazee wetu walibebea samaki kwenye pakacha la makuti au walimtunga kwenye ukambaa wakatembea naye mkononi. Ndani ya daladala ya leo sikushauri.

Kikapu kining'inie kwenye kitasa cha mlango wa mbele, ili usiweze kutoka bila kukigusa.

Hatua ya nne: maji

Maji ya chupa tunayanunua kwa sababu mbili: kiu ya njiani, na kutoyaamini ya bombani. Kiu ya njiani ni rahisi, beba chupa ya chuma iliyojazwa nyumbani. Hofu ya bomba ina haki, kwa hiyo usiache maji ya chupa kabla hujaweka utaratibu wa kusafisha ya nyumbani. Kipindupindu hakitakupongeza kwa kulinda bahari.

Utaratibu wenyewe: chuja maji kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, yachemshe mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, yaache yatokote dakika moja zaidi, funika, yapoe. Kama gesi au mkaa ni ghali kwako, vidonge vya klorini vinafanya kazi hiyo. Soma paketi kuona kidonge kimoja ni cha lita ngapi, koroga, ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Kisha hifadhi kwenye mtungi wa udongo au ndoo yenye bomba na mfuniko. Mtungi unapoza maji bila umeme kwa sababu unatoa jasho: maji kidogo hupenya kwenye udongo, hukauka nje, na kukauka huko huondoa joto. Kosa kubwa ni kata. Mtoto akizamisha kata iliyokuwa sakafuni, umechemsha bure. Bomba ni salama zaidi.

Kwa wenye maji ya kisima, yale magumu yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, kuna habari njema. Watafiti wa China walichapisha mwaka 2024 kwamba maji magumu yakichemshwa, chokaa inayoganda hunasa chembe za plastiki. Katika majaribio yao hadi asilimia 90 ziliondoka. Yaache yatulie, kisha yachuje ule ukoko. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipima maji ya chupa ya huko na kukuta wastani wa chembe 240,000 za plastiki kwa lita. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyaita maji salama.

Dafu linywe kwa mdomo wake, kidevu kilowe. Mrija wa nini?

Hatua ya tano: dukani kwa Mangi

Hapa nitakuwa mfupi, maana sitaki kumhukumu mtu. Kipaketi cha sabuni ya unga, cha shampuu, cha kahawa, cha mafuta ya kujipaka: watu hawavinunui kwa kupenda takataka, wananunua kulingana na fedha ya siku. Aliye na uwezo anunue kikubwa. Asiye nao aende na chupa yake kwenye mafuta ya kupima, au waungane majirani watano wanunue dumu la lita 20 wagawane. Vikundi vya akina mama vinaweza kufanya hivyo kuliko mtu mmoja mmoja. Sabuni ya mche kwa kufulia na kuoshea vyombo haina chupa wala kipaketi. Na dodoki, ambalo ukilipanda litapanda ukutani lenyewe, linasugua vizuri kuliko sponji, tena likichakaa linaoza.

Hatua ya sita: nepi na pedi

Nepi za kitambaa mchana ukiwa nyumbani, pampasi usiku na safarini. Nusu kwa nusu inatosha, hasa kama maji mnanunua kwa dumu. Pedi za kitambaa zinazofuliwa ni nzuri kwa mwenye maji safi, sabuni na jua la kuanikia, zikaushwe kabisa juani wala zisifichwe uvunguni. Asiye na mambo hayo matatu asilazimishwe.

Hatua ya saba: shughuli

Mwaka mzima wa kubeba bakuli unaweza kufutwa na harusi moja. Angalia ukumbi saa sita usiku: vichupa vidogo vya maji vilivyonywewa nusu vimezagaa chini ya kila kiti, vijiko, sahani za kutupa, vikombe.

Plastiki ya harusi huamuliwa kwenye kikao, wiki kadhaa kabla. Kwa hiyo ukiombwa mchango, toa, kisha omba kuingia kamati ya chakula. Ukiwa humo pendekeza mambo matatu, yakiwa na bei mkononi: sahani na glasi za kukodi pamoja na vijana wawili wa kuosha, ndoo kubwa za maji zenye bomba kwenye pembe za ukumbi, na pale wenye shughuli wanapokubali, pilau ya kwenye sinia, watu wanne au watano kwa sinia moja. Pwani tunakula hivyo tangu zamani na hakuna aliyewahi kusema ni ushamba. Kwenye hitma na misibani ni rahisi zaidi, kwa kuwa masufuria, masinia na birika la kunawia mara nyingi ni ya mtaa au ya msikiti. Upinzani utakaousikia ni "wageni wataonaje". Wanaona chakula, hiyo ndiyo tajriba yangu.

Hatua ya nane: iliyobaki

Itabaki. Sasa usiichome. Moshi wa plastiki unaingia kwanza kwenye mapafu ya wa nyumbani kwako, na plastiki zenye klorini ndani yake, kama mabomba ya PVC, zikiungua hutoa dioksini, sumu inayoweza kuleta saratani na inayokaa mwilini miaka mingi. Tabia ya kuwashia jiko la mkaa kwa kipande cha nailoni ife leo. Vifuu na makumbi ya nazi yaliyokauka yanashika moto haraka, na mchuzi haunuki.

Usiitupe mtaroni pia. Mtaro ukiziba, mvua inaingia ndani. Waliowahi kukaa bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa. Hata iliyoachwa uani ina madhara yake: kizibo, kikombe, chupa iliyokatwa, vyote hushika maji ya mvua, na mbu wa dengi hutaga kwenye maji kidogo kama hayo. Dar ililipukiwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019.

Panga hivi. Geuza chupa utafute tarakimu ndani ya pembetatu. Namba 1 ni chupa za maji na soda, namba 2 ni madumu na chupa za shampuu, namba 5 ni ndoo na makopo mengi ya chakula. Hizo kwa kawaida zina mnunuzi. Zisuuze, zikaushe, ziminye, weka vizibo kwenye mfuko wake, kisha wape waokota chupa wanaopita na mkokoteni. Wape mkononi, na salamu. Hao ndio wanaofanya kazi kubwa ya kuzuia plastiki isifike baharini, na wanaifanya kwa kuinama. Chupa ya namba 1 isiyo na kizibo ikijaa maji huzama, kwa hiyo hiyo unayoiona ikielea pale kivukoni ni sehemu tu ya iliyomo.

Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa vipande vya ndala, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Nalipenda sana jahazi lile. Lakini lilijengwa kwa takriban tani kumi tu za plastiki, wakati dunia inatengeneza zaidi ya tani milioni 400 kila mwaka, ndiyo maana hatua hii nimeiweka ya nane badala ya ya kwanza.

Baada ya miezi mitatu rudisha ile ndoo ya wiki moja, utandaze mkeka tena. Kwangu lililobaki ni fungu la ajabu ajabu: pakiti za maziwa, karatasi za vidonge vya dawa, mifuko ya biskuti yenye bati ndani. Vitu hivyo mwokota chupa havitaki, na mimi bado sijapata mbadala wake. Vinaingia kwenye kiroba cha taka kinachofungwa vizuri na kungoja gari la taka, na kiroba hicho sasa kinachukua muda mrefu kujaa.